Nyaya za Gari la Duba

Lile gari lipo hadi leo. Ukishuka Garsen, ukawapita wauza maembe na vijana wa bodaboda, utaliona nyuma ya banda la Rashad: Landrova ya kale iliyokuwa ya kijani, sasa ina rangi ya vumbi. Mbuzi wanalala chini yake. Watu wanamuuliza Rashad mbona halitengenezi wala haliuzi, naye hajibu. Wakinigeukia mimi, nawaambia wanunue chai au waondoke.

Mimi naitwa Mwanatumu, nauza chai na mahamri mbele ya banda hilo. Rashad ni mtoto wa mama yangu mdogo. Sote tumezaliwa Kipini, sote tukaja huku juu kutafuta riziki, mimi na birika langu, yeye na nyaya zake. Kwa hiyo nikimsema namsema kama ndugu, na mtu mwingine asinisaidie kumsema.

Rashad ni fundi wa umeme wa magari. Ukimwita fundi wa injini atakununia mpaka jioni. Hasira zake ziko karibu, na mke hana. Alikuwa naye, mtu wa Witu, akarudi kwao akisema amechoka kuishi na mwanamume ambaye maneno yake yote anayamaliza kwenye magari ya watu. Sikumlaumu. Mimi mwenyewe nampelekea chai ya moto, anaiweka juu ya betri, inapoa, nzi wanaingia, halafu adhuhuri ananiambia, "Dada, chai yako leo baridi." Nimemtukana kwa hilo miaka yote wala hajabadilika.

Lakini kazi anaijua, hilo simnyimi. Mafundi wengi wa huku waya ukiwasumbua wanaukata, wanapitisha mwingine juu yake, gari linaondoka na kila mtu anafurahi. Gari likizeeka linakuwa na nyaya za kila fundi aliyewahi kulishika, zilizo hai na zilizokufa, zote zimefungwa pamoja kwa vipande vya mpira wa tyubu. Rashad hakati. Anaushika waya kwa vidole viwili pale unapoanzia na kuufuata pole pole mpaka mwisho wake, huku ana taa yake ya kupimia, kibalbu kimoja chenye nyaya mbili. "Nikijua unakotoka na unakokwenda," husema, "ndipo nitajua niufanye nini." Niliwahi kumwona akimfukuza mwenye Probox kwa sababu tu alimwambia, "Kata tu, fundi, nimechelewa."

Gari la Duba lililetwa na trekta kutoka upande wa Minjila, likivutwa kwa mnyororo. Lilikuwa halina betri, na tairi za mbele zilikuwa za kuazima. Pembeni ya dereva wa trekta aliketi mwanamke wa Kiorma, mrefu, mwembamba, na bangili ya fedha mkononi. Ziro, yule wa kuziba pancha, ambaye mdomo wake hauna breki, akasema, "Mama, umepita njia. Wanunuzi wa vyuma chakavu wako kule mbele." Mwanamke hakucheka. Alishuka, akauliza fundi ni nani, akaenda kusimama mbele ya Rashad.

"Mimi sitaki gari itembee," alisema. Kiswahili chake kilikuwa cha kujifunzia sokoni, lakini kilifika pale alipotaka kifike. "Nataka ujue kwa nini ilisimama."

Rashad alimtazama kama mtu aliyeambiwa apike wali usioliwa. "Lilisimama lini?"

"Mwaka wa yale mafuriko makubwa. Maji yalipokwisha. Na bwana yangu ndani."

Jina lake Gumato. Bwana yake, Duba, alikuwa na ng'ombe waliohamishwa upande wa Bangale maji yalipofunika malisho ya huku chini. Kiangazi kilipoingia aliondoka na Landrova yake kwenda kuwaona. Bangale hakufika. Baadaye wachungaji waliliona gari peke yake, kando ya njia ya mchanga ambako hakuna kisima wala duka. Boneti ilikuwa wazi, betri na tairi zimechukuliwa na wapita njia. Damu hakuna, nyayo zimefutwa na upepo, mtu hayupo. Walimtafuta, wakachoka, wakarudi.

Kilichobaki kwa Gumato ni maneno ya watu, na maneno ya watu unayajua. Wengine walisema alitekwa. Wengi zaidi walisema ameoa mbele ya Bangale, kwamba alikutana na ndugu za mke mpya palepale njiani, akaliacha lile gari bovu na kupanda lao. Mmoja akaapa alimwona Garissa amevaa koti jipya. Hata mwanamke aliyemletea maji alimletea na habari hizo. Gumato akaenda kwa sheikh kuuliza akae eda au asikae. Sheikh akamwambia hakuna aliyemwona maiti wala hakuna talaka iliyotamkwa, asubiri habari. Basi akawa si mke, si mjane. Mtu wa kumwambia pole hakuna, na wa kumwambia hongera hakuna.

"Kama gari ilikufa yenyewe," alimwambia Rashad, "yeye alishuka akatembea kutafuta maji, akafa. Kama gari haikufa, yeye aliizima kwa mkono wake. Basi alinikimbia. Hii gari inajua. Wewe iulize."

Nilitegemea Rashad atang'aka. Hakung'aka. Alifuta mikono kwa tambara, akasema, "Mama, itachukua muda." Nikajua hapo hapo kwamba ameshaingia.

Alilisukuma gari chini ya turubai na kuanza. Nilipochungulia ile injini nilimwonea huruma. Nyaya zilikuwa nyingi kama utumbo wa mbuzi, na zote zimekuwa rangi moja kwa matope ya mafuriko. Alizisafisha kwa mswaki na mafuta ya taa mpaka rangi zikarudi, nyekundu, kahawia, kijani, nyeupe. Kisha akaanza kuzifuata. Huu wa honi, na honi yenyewe haipo. Huu wa taa ya ukungu iliyong'olewa zamani. Huu hautoki popote wala hauendi popote, umebaki tu. Kila alioujua aliufunga kitambaa kidogo na kuendelea. Chai yangu ilipoa kwa zamu juu ya mdigadi, lile bati la juu ya gurudumu.

Gumato alifikia kwa ndugu zake hapa hapa Garsen, na kila asubuhi alikuja kuketi kwenye benchi langu. Mwanzo alinichosha, nisidanganye, maana mtu mwenye huzuni kwenye benchi hafai kwa biashara. Kisha akaanza kuosha vikombe bila kuambiwa, na nikaona hana makeke. Alikuwa anatazama mikono ya Rashad tu.

Siku moja upepo ulivuma ukang'oa turubai upande mmoja, likawa linapiga piga kama limepagawa. Ziro akalifunga, likafunguka. Akalifunga tena, likafunguka tena. Gumato akainuka, akamwondoa njiani kwa kiwiko, akazungusha kamba kwenye nguzo mara mbili, akapitisha ncha chini ya kamba yenyewe na kuilaza upande. Turubai likatulia. Ziro alijaribu kulifungua lile fundo kwa kushindana, akavunja ukucha.

"Umejifunza wapi hiyo, mama?"

"Kwetu wanaume hawajengi," alisema Gumato. "Nyumba ni ya wanawake. Mimi nimefunga fito toka nikiwa mtoto. Nyumba yangu maji yalipita ndani yake mpaka hapa," akagusa shingo, "na fundo hata moja haikutoka." Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akitabasamu. Tulicheka, hata Rashad, huku ameweka kidole chake pale alipokuwa amefika kwenye waya.

Wiki ile ile aliukuta waya mweupe. Alikuja kwangu mwenyewe na kikombe mkononi, nami nikashtuka, kwa sababu Rashad haji, anapelekewa.

"Dada, mweupe ndio unaopeleka moto kwenye koili. Bila huo injini haiwaki. Ungetakiwa utoke kwenye ufunguo uende moja kwa moja. Huu hauendi. Mtu ameukata na kuupitisha chini ya sakafu, chini ya kiti. Duba alikuwa na swichi ya siri."

Gumato alikuwa amesikia. Ikabidi Rashad amweleze. Barabara za kule juu zilipokuwa na majambazi, wenye magari wengi waliweka swichi iliyofichwa, mwizi akigeuza ufunguo gari lisiwake. Anayejua ilipo ni mwenye gari peke yake.

"Hakuniambia," alisema Gumato.

"Hawaambii mtu. Sasa sikiliza, mama. Kiti chenyewe kimekaza kwa kutu, hakijafunguliwa tangu siku hiyo. Nikikuta swichi imezimwa, ameizima yeye. Nikiikuta imewashwa, hakuizima."

Gumato aliweka kikombe alichokuwa anaosha. "Angalia," alisema.

Rashad alikipiga kile kiti nyundo mpaka kikaachia. Ziro aliacha tairi yake, mimi niliacha mahamri ndani ya mafuta yakaungua. Ilikuwa swichi ndogo ya chuma, imeganda kwa kutu na matope pale ilipoachwa. Rashad aliinama sana, akaiangalia, akaigusa, akaiangalia tena.

"Imewashwa," alisema.

Gumato aliketi chini pale pale kwenye mchanga wenye oili, na leso yake safi. Baadaye akauliza, "Basi gari ilikufa yenyewe?"

"Bado sijajua. Swichi haikuzimwa, hilo najua. Niache niumalize waya."

Hapo ndipo ningemwambia aache. Nimelifikiria hili mara nyingi. Angesema tu ndiyo, mama, gari lilikufa lenyewe, na yule mwanamke angekwenda kwao akakae eda yake kwa heshima. Lakini Rashad ni Rashad, waya hauachi katikati.

Alimaliza siku mbili akihangaika na mahali ambapo waya ule unarudi kutoka chini ya kiti na kupenya bati linalotenga injini na dereva. Ni nyuma kabisa, chini ya mabomba, mkono wake hauingii. Aliazima kioo changu cha kupakia wanja, akakifunga kwenye fimbo na kukiingiza. Gumato alikuwa amekwenda msalani. Rashad akaniita kwa sauti ambayo sijaisikia kwake tangu tulipomzika mama yake.

"Dada, njoo uone. Usiseme kitu."

Nilitazama kwenye kioo. Waya mweupe ulikuwa umekatika pale kwenye tundu la bati. Mtu aliunga zile nyuzi za shaba kwa kuzisokota, na juu yake, badala ya tepu, akafunga uzi wa majani ya mkoma, ule wanaofungia fito za nyumba. Uzi ulikuwa umezungushwa mara mbili, ncha imepitishwa chini, imelazwa upande. Joto la injini liliukausha ukasinyaa, mtikiso ukaichomoa shaba upande mmoja. Fundo lenyewe halikufunguka.

Nikamgeukia. "Rashad, hilo..."

"Nimeona. Fundi gani atafunga hivyo? Na mkono gani unaingia pale? Wangu hauingii. Wa Duba haukuingia." Jasho lilikuwa linamtoka puani. "Aliliangalia gari akatafuta kila mahali, masikini, na hapa asingeona. Akaenda na miguu yake."

"Litoe," nikamwambia. "Litoe sasa hivi, ulitupe mtoni. Mwambie waya ulioza."

"Mimi sikati waya, dada."

"Leo utakata. Usinitie wazimu."

Akakata. Alichukua koleo ndefu, akaingiza kwa kubahatisha huku nimemshikia kioo, akakata upande huu na upande ule, akalivuta lile fundo na kulitia mfukoni. Gumato alipokuja alitukuta tumesimama kama watoto walioiba sukari.

"Nimepata, mama," alisema Rashad. "Waya wa koili ulioza ukakatika. Gari lilikufa lenyewe. Duba hakulizima. Mwenyezi Mungu amrehemu."

Nilimwona Gumato anafunga macho. Midomo yake ilikuwa inatembea, sijui ni dua ama ni jina la mtu. Kama mambo yangeishia hapo mimi nisingekuwa na hadithi ya kumwambia mtu yeyote, na ningeshukuru.

Alifungua macho. "Nionyeshe."

"Ni ndani sana, mama, hutaona."

"Mkono yangu inaingia," alisema Gumato.

Na ukaingia. Aliinama kwenye injini, mkono wote ukapotea nyuma ya mabomba bila shida. Aliishika ncha ya waya na kuivuta juu kwenye mwanga. Kila kitu ndani ya lile gari kilikuwa cheusi kwa kutu na moshi, na ile shaba ilikuwa inang'aa kama pete ya bibi harusi.

"Hii imekatwa sasa," alisema. "Ile iliyooza iko wapi?"

Rashad anajua nyaya, uongo hajui. Angeweza kusema ameitupa. Angeweza kusema imesagika. Badala yake mkono wake ukaenda mfukoni wenyewe, ukakaa pale. Nilitaka kumpiga na birika.

Gumato alinyoosha kiganja mbele yake, akangoja. Hakumharakisha. Rashad alinitazama mimi, mimi nikatazama chini. Akalitoa na kumwekea kiganjani.

Gumato alilitazama. Akaligeuza kwa kidole, akaliona kwa nyuma, akaligeuza tena.

"Hii yangu," alisema.

Hakuna aliyemuuliza, akajieleza mwenyewe, pole pole, kama anayemwambia mtoto. Matope ya mafuriko yalikuwa yamekauka ndani ya injini. Duba alikuwa anasafiri kesho yake, na yeye akataka amsaidie. Aliingia na maji na kijiti, akachokonoa mpaka nyuma kule, na waya ukakatika mkononi mwake. Aliogopa. Duba alikuwa mpole kwa kila kitu isipokuwa gari lile. Akausokota, akaufunga kama anavyofunga nyumba, vizuri kabisa, akanyamaza. Asubuhi Duba aligeuza ufunguo, gari likawaka, na Gumato akafurahi kwamba hakuna aliyejua. Kisha akasahau. Alisahau kabisa, alisema, kwa sababu gari liliwaka.

"Mama," alisema Rashad, "ule waya ulikuwa mzee. Ungekatika tu."

"Wewe ulificha," Gumato akamjibu, bila hasira. "Kama si kitu, hungeficha."

Rashad akakaa kwenye kigoda chake na kuziba uso kwa mikono yenye grisi. Nilikwenda kumshika Gumato bega. Nilidhani ataanguka, au atalia, au atajipiga. Mimi nilikuwa nalia. Yeye aliendelea kulitazama lile fundo, na alichosema nakumbuka mpaka sauti yake.

"Basi hakunikimbia."

Nikasema, "Hapana, dada. Hakukukimbia."

"Alikuwa anakwenda kuona ng'ombe yake. Angerudi." Akalifumba lile fundo kiganjani. "Alitembea kwenye lile jua, Mwanatumu. Kiu ilimshika."

Ziro, ambaye hajawahi kukosa neno, alikuwa amegeuka anaitazama barabara ya Malindi.

Aliniuliza eda inahesabiwa tangu leo au tangu siku ile. Nikamwambia sijui, amuulize sheikh. Akaitikia kwa kichwa, akaivua ile bangili ya fedha, kwa maana mwanamke wa eda havai pambo. Akaiweka pamoja na kile kipande cha waya chenye fundo kwenye pembe ya leso yake, na kuikunja ile pembe. Vidole vyake vikaanza kuzungusha, mara moja, mara ya pili, kisha vikasimama. Nikaona ameviangalia kama si vyake.

Akaninyooshea ile pembe ya leso.

"Nifungie wewe," alisema. "Mimi sifungi tena."

Nikamfungia.